Uzi: Funksheni ileile, kanzidata kibao. Mnaiweka wapi isije ikatofautiana?

#1 Mwana_Ujiji

Wakuu, habari za jioni.

Niko Kigoma mjini, natengeneza mifumo midogo ya Access (programu ya Microsoft ya kanzidata, yaani hifadhi za data) kwa wafanyabiashara: duka la jumla pale Mwanga, stoo ya mawese, lodge, SACCOS ya kule Kasulu na duka la vifaa vya ujenzi. Kila mteja ana faili lake na data zake, hawajuani. Lakini ndani ya kila faili kuna moduli ileile, yaani fungu la funksheni (vipande vya msimbo, kila kimoja na kazi yake): kugeuza kiasi kuwa maneno kwa ajili ya risiti, kusafisha namba za simu zianze na 255, kukagua kama namba ya NIDA ina tarakimu 20, kuandaa tarehe kabla haijaingia kwenye SQL, lugha ya kuuliza kanzidata.

Wengi wetu mradi mpya ukija tunafungua wa zamani, tunakopi moduli, tunabandika, kazi inaendelea. Mimi nasema utaratibu huu ndio unaoua mifumo yetu polepole. Ukirekebisha kitu kwenye faili la lodge, mengine manne hayana habari. Baada ya muda una funksheni tano zenye jina moja na tabia tano.

Chukueni hii ya tarehe:

```
Public Function TareheSQL(t As Date) As String
    TareheSQL = Format(t, "\#yyyy\-mm\-dd\#")
End Function
```

Kuna mifumo utakuta fundi kaunganisha alama ya # na kilichoandikwa kwenye fomu, basi. Inafanya kazi vizuri kabisa kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi. Access ndani ya SQL inasoma tarehe Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiipa 25/03, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, inageuza yenyewe na jibu linatoka sahihi. Ukiipa 05/03 inaelewa tarehe 3 Mei. Ripoti ya wiki ya kwanza ya mwezi inatoka tupu, na mwenye duka anaanza kumtilia shaka kijana wa kaunta. Kosa la namna hii likirekebishwa, lirekebishwe mara moja na mifumo yote ipate.

Nyie mnafanyaje? Maktaba moja inayorejelewa na mafaili yote? Mafaili ya maandishi? Au kuhamia seva kabisa?

#2 Kibirizi_Forodhani

Mkuu, mimi niko upande wa kukopi na sioni aibu. Mteja wa stoo ya mawese amelipia mfumo wake, unafanya kazi, kwa nini niuguse kwa sababu lodge imepata hitilafu? Faili likijitegemea, likihamishwa kwa fleshi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine linafunguka. Hiyo ndiyo raha ya Access. Ukianza kuliunganisha na faili jingine umeongeza kitu cha pili cha kuharibika.

#3 Fundi_Urambo

Salaam kutoka Tabora. Mwana_Ujiji, njia ipo siku zote, watu hawaitumii tu. Fungua faili jipya la Access, liite Maktaba, weka moduli zako zote humo. Kisha kwenye mfumo wa mteja bonyeza Alt na F11, nenda menyu ya Tools, References, Browse, badilisha aina ya faili ili uone kanzidata za Access, chagua Maktaba. Kuanzia hapo kila funksheni iliyotangazwa Public kwenye moduli ya kawaida unaiita kama vile iko ndani ya faili lenyewe, hata kwenye kwiri (swali lililohifadhiwa la kutoa data).

Ukisahau mambo mawili utasumbuka. Kwanza, jina la mradi wa VBA, lugha ya msimbo ya Access. Usiache lile ambalo Access imelitoa yenyewe, maana maktaba na mfumo vikiwa na jina moja la mradi, rejea (huo muunganisho) inagoma. Pili, maktaba isirudi kurejelea mfumo. Mzunguko hauruhusiwi.

#4 Binti_Uvinza

Fundi_Urambo umeeleza vizuri ila umeruka lililo kubwa. Funksheni ikiwa inasoma jedwali, lazima ujue inasoma jedwali la nani. CurrentDb ni kanzidata aliyoifungua mtumiaji, yaani mfumo wa mteja. CodeDb ni kanzidata ambamo msimbo wenyewe unakaa, yaani maktaba. Mtu akihamisha funksheni yake kwenda maktaba bila kuangalia hilo, ile iliyokuwa inasoma jedwali la viwango lililohamishwa pamoja nayo italitafuta kwa mteja na kuambiwa halipo.

Fomu nazo zina tabia yake. Ukiita DoCmd.OpenForm kutoka ndani ya maktaba, Access inaitafuta fomu hiyo kwenye maktaba kwanza, ikikosa ndipo inaenda kwa mteja. Ukiwa na fomu mbili za jina moja, ile ya maktaba ndiyo itakayofunguka.

Na kwa wanaowapa wateja ACCDE (faili la Access ambalo msimbo wake umefungwa): mfumo ukiwa ACCDE, maktaba nayo iwe ACCDE. Huwezi kuchanganya.

#5 Mwana_Ujiji

Asante dada, hilo la CodeDb limenifungua macho. Fundi_Urambo, shida yangu ni njia ya faili. Huyu ana mfumo kwenye D, yule kwenye Documents, SACCOS wako kwenye kompyuta ya ofisi inayoshirikiwa. Rejea si inashika njia kamili?

#6 Nzega_Kwetu

Hapo ndipo pa kuogopa. Niliitwa kwenye ofisi moja huku kwetu, sitaitaja. Walibadilisha kompyuta, fundi wao akahamisha faili la mfumo akaacha la maktaba. Mfumo unafunguka, ila kila ripoti inalalamika haitambui Date, mara haitambui Left, mara Format. Wakaamua ni virusi, wakaondoa Office nzima na kuiweka upya. Hakuna kilichobadilika.

Rejea moja ikikosekana, kwenye orodha ya References utaona imeandikwa MISSING, na VBA inashindwa hata kutambua funksheni za kwake yenyewe. Kwa hiyo ujumbe wa kosa unakuelekeza kwenye Date wakati Date haina tatizo lolote. Mtu asiyejua hili anaweza kupoteza siku nzima. Ukiona Left imekataa, nenda moja kwa moja kwenye References.

#7 Kibirizi_Forodhani

Nzega_Kwetu ubarikiwe. Nilisema namba 2 mkaniona wa zamani.

#8 Fundi_Urambo

Taratibu kaka. Faili la maktaba likikaa folda moja na mfumo, Access ikilikosa kwenye njia ya zamani inaangalia pia kwenye folda hiyo. Kuna hata sehemu kwenye rejista ya Windows, RefLibPaths, unayoweza kuelekeza maktaba ilipo. Ofisi ya Nzega wangehamisha folda lote wasingeumia. Mimi wateja nawapa folda lenye jina la biashara yao na kuwaambia hili halivunjwi.

#9 Mzee_wa_Seva

Vijana, mnazunguka mlima. Hamisheni data kwenye seva, funksheni zikae huko, Access ibaki uso tu. Kwenye MySQL, programu ya seva ya kanzidata, unatengeneza kanzidata moja unaiita maktaba, humo unaweka funksheni zote, halafu kutoka kanzidata yoyote kwenye seva hiyo unaandika maktaba.safisha_simu(simu). Mpe mtumiaji ruhusa ya EXECUTE (kuendesha funksheni), mchezo umeisha. Postgres, seva nyingine ya namna hiyo, nayo rahisi: weka funksheni kwenye template1, kila kanzidata inazipata.

Na faida nyingine hamjaitaja. Funksheni ya VBA iko ndani ya Access tu. Siku mteja akitaka ukurasa wa PHP usome kwiri ileile kupitia ODBC (njia ya programu nyingine kuifikia kanzidata), ataambiwa funksheni haijulikani. Ikiwa kwenye seva, kila mwenye ruhusa anaipata.

#10 Binti_Uvinza

Mzee wangu, shikamoo. Kwa MySQL nakubali. Kwa Postgres naomba nisahihishe. template1 ni kanzidata inayonakiliwa wakati wa kuunda kanzidata mpya. Ukiweka funksheni humo leo, zitaingia kwenye zitakazoundwa kesho. Zilizokwisha kuwepo hazipati kitu, na ukirekebisha baadaye hata zile za kesho hazitajua. Hiyo bado ni kukopi, ila sasa anayekopi ni seva.

Na Postgres hairuhusu kuita funksheni ya kanzidata nyingine kama MySQL. Kila kanzidata imefungiwa yake. Kinachofaa ni kuzifunga kama ekstensheni, yaani kifurushi chenye namba ya toleo: faili la .control na faili la .sql kwenye folda la seva, kisha CREATE EXTENSION kwa kila kanzidata. Imekuwepo tangu toleo la 9.1, mwaka 2011. Ukitaka kupandisha toleo unaandika ALTER EXTENSION ... UPDATE kwa kila moja. Bado unapita kanzidata moja moja, lakini angalau ukiuliza pg_extension inakuambia hii iko toleo lipi na ile lipi. Kwangu hilo ni nusu ya kazi.

Kama kanzidata zote ni zako na zinahitaji kuongea, fikiria kanzidata moja yenye skima nyingi (vyumba ndani ya kanzidata), na skima moja ya pamoja iwekwe kwenye search_path, orodha ya skima ambazo seva inazitafuta.

#11 Mzee_wa_Seva

Marahaba mwanangu. Kuhusu template1 umenipata, wapya tu. Kuhusu kuhamia seva sirudi nyuma.

#12 Kibirizi_Forodhani

Mzee, hiyo seva ikae wapi? Mteja wangu wa dagaa ana laptopu moja, chaja imefungwa na mpira. Nimwambie anunue seva ndipo namba za simu zianze na 255?

#13 Mzee_wa_Seva

MySQL inakaa kwenye hiyohiyo laptopu. Seva ni programu, si lazima liwe kabati linalonguruma. Mnunulie chaja kwanza, kisha tuletee migebuka Tabora.

#14 Kaliua_Mwisho_wa_Reli

Migebuka iliyokaushwa vizuri tafadhali, ile ya juzi ilifika na mchanga.

Nirudi kwenye mada. Mimi nafanya tofauti na wote. Moduli zangu ni mafaili ya maandishi, yale ya .bas unayopata ukibofya moduli na kuchagua Export. Yako kwenye folda moja linaloangaliwa na Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko. Kila mfumo unapokwenda kwa mteja, kipande kidogo cha VBA kinafuta moduli za zamani na kuingiza mpya kutoka folda hilo. Kwa hiyo mteja ana faili moja linalojitegemea kama anavyotaka Kibirizi, hakuna rejea ya kupotea kama ile ya Nzega, na chanzo kiko kimoja kama anavyotaka mwenye uzi.

Juu ya kila moduli kuna mstari wa thabiti (thamani isiyobadilika) wenye namba ya toleo, na fomu ya Kuhusu Mfumo inauonyesha. Mteja akipiga simu swali langu la kwanza ni hilo: nisomee toleo.

Anayesema Git inataka intaneti hajaitumia. Unaweza kuwa na hazina kamili kwenye fleshi, unasukuma na kuvuta kutoka hapo, bando likirudi unapeleka mtandaoni.

#15 Fundi_Urambo

Nzuri, ila hujaondoa kukopi, umekupangia ratiba. Mteja ambaye hujamtembelea bado ana toleo la zamani.

#16 Kaliua_Mwisho_wa_Reli

Ndiyo, na mimi nataka iwe hivyo. Wewe ukibadilisha maktaba, wateja wote waliounganishwa wanabadilika hata kabla hujawapima. Mimi nachagua nani apate lini.

#17 Mhasibu_Sikonge

Naomba niingie ingawa si mtengenezaji, mimi natumia mifumo yenu. Mnabishana funksheni ikae wapi, hamjauliza ipi inastahili kuwa ya pamoja. Nimewahi kufanya kazi kwenye mfumo wenye funksheni ya VAT ambamo 18 imeandikwa ndani ya msimbo. Kiwango kilikuwa asilimia 20 hadi kiliposhushwa kuwa 18 mwaka 2009. Tulipochapa upya ankara za 2008 kwa ajili ya ukaguzi, zikatoka na kodi ya 18. Karatasi ya mteja inasema kitu kimoja, mfumo unasema kingine, na mkaguzi yuko mbele yako na kalamu nyekundu.

Hiyo ikiwa kwenye maktaba inayosambaa kwa wateja wote, kosa moja linakuwa la kila mtu. Kiwango kikae kwenye jedwali, na tarehe kilipoanza. Funksheni iulize: tarehe ya ankara hii, kiwango kilikuwa ngapi?

#18 Binti_Uvinza

Mhasibu, ungeandika wewe namba 1. Hapa ndipo CurrentDb na CodeDb zinaamua: jedwali la viwango vya kodi ni la pamoja, likae maktaba, lisomwe kwa CodeDb. Bei za bidhaa ni za mteja, zisomwe kwa CurrentDb.

Niongeze mfano wa simu. Kuna funksheni nyingi zinazunguka mtaani zinazotazama tarakimu za mwanzo na kukuambia huyu ni mtandao fulani. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Hizo zote zinatoa jibu ambalo huenda si kweli, na zinaendelea kukopiwa hadi leo. Kusafisha namba ianze na 255 na kubaki na tarakimu tisa nyuma yake, sawa. Kukisia mtandao, ondoa.

#19 Mwana_Ujiji

Mhasibu na Binti, nimewaelewa. Zangu nazigawa hivi: zile zinazopokea kitu na kurudisha kitu bila kugusa jedwali lolote, kama TareheSQL, kusafisha simu na kukagua NIDA, hizo ni za pamoja bila mjadala. Zinazogusa majedwali nizitazame moja moja.

Sasa kuna hii iko katikati. Kiasi kwa maneno. Duka la Mwanga wanataka 250,000 iandikwe "laki mbili na elfu hamsini". SACCOS wanataka "elfu mia mbili na hamsini", wanasema ndivyo fomu zao zilivyo. Haigusi jedwali lolote, lakini wateja wawili wanataka majibu mawili. Huyu naye ni wa maktaba?

#20 Fundi_Urambo

Ni wa maktaba. Ongeza paramita (kitu unachoipa funksheni unapoiita) ya hiari yenye thamani ya kuanzia:

```
Public Function KiasiKwaManeno(k As Currency, _
    Optional tumiaLaki As Boolean = True) As String
```

Wanaoiita kwa namna ya zamani hawataona tofauti. SACCOS unaipa False.

#21 Kibirizi_Forodhani

Leo laki, kesho lodge wanataka senti zisionekane, kesho kutwa mwingine anataka neno "tu" mwishoni. Baada ya mwaka funksheni ina paramita nane na hakuna anayekumbuka ya tano ni ya nini. Mimi hapo ningempa kila mteja yake. Kuna kushirikiana kunakoleta kazi kuliko kukopi.

#22 Kaliua_Mwisho_wa_Reli

Kwa hili niko na Kibirizi nusu nusu. Ile ya kugawa namba katika makundi iwe ya pamoja. Ile ya kupanga maneno iwe ya mteja na iite ya kwanza.

#23 Igunga_Tech

Nimesoma uzi wote, asanteni. Hakuna aliyegusa biti 32 na 64. Moduli yangu ya pamoja ilikuwa na Declare (mstari wa kuita funksheni za Windows) kwa ajili ya kufungua dirisha la kuchagua faili. Kwenye Office ya biti 32 inapita, kwa mteja mwenye biti 64 moduli nzima inakataa kukompaili hadi kila Declare iwe na neno PtrSafe. Tangu Office 2010 VBA inaielewa. Kama unashiriki maktaba kwa wateja tofauti, chukulia utakutana na zote mbili. Na Declare zote zikae moduli yake peke yake.

#24 Stesheni_Tabora

Swali la pembeni. Ukiwa na maktaba moja kwa wateja wote, ni mali ya nani? Mteja wangu mmoja anadai kila kilichomo kwenye mfumo wake amekilipia, nisikitumie kwingine. Sasa TareheSQL ni ya kwake?

#25 Mhasibu_Sikonge

Andika kwenye mkataba kabla ya kuanza: data na fomu za mteja ni zake, zana za jumla ni za fundi na mteja ana haki ya kuzitumia. Mkishaanza kugombana mmechelewa.

#26 Fundi_Urambo

Na hiyo ni sababu nyingine ya maktaba kuwa faili la pekee. Mstari wa mali unauona kwa macho, faili hili lako, lile langu. Kaliua, kwako vimechanganyika.

#27 Kaliua_Mwisho_wa_Reli

Moduli zina jina linaloanza na mk_ na maelezo juu. Asiyeona hapo hataona popote.

#28 Stesheni_Tabora

Nimejaribu njia ya Mzee_wa_Seva usiku huu. MySQL inakataa kuunda funksheni, kosa namba 1418. Nimejaribu ya simu na ya VAT, zote hivyohivyo.

#29 Mzee_wa_Seva

Kumbukumbu ya binary (seva inaandika kila badiliko la data) imewashwa, kwa hiyo seva inataka uitangazie tabia ya funksheni. Ya simu weka DETERMINISTIC (ukiipa kilekile, inajibu kilekile) kabla ya BEGIN. Ya VAT inasoma jedwali, iandike READS SQL DATA. Usikimbilie kuwasha log_bin_trust_function_creators, inayozima ukaguzi huo, kama watu wengine wanavyoshauri.

#30 Stesheni_Tabora

Imepita. Asante mzee. Sasa naijaribu kutoka Access kupitia kwiri ya moja kwa moja kwenda seva, nikiwa na majibu ya kasi nitaweka hapa.

#31 Kibirizi_Forodhani

Weka, na uweke na ya kukopi tulinganishe.